Herufi Mbili Kwenye Kisanduku cha Namba

Kazi yangu ya kwanza katika zahanati ile ilikuwa kufungua faili. Mgonjwa akiingia namwuliza jina, umri na mahali anapokaa, nampa kadi, namwonyesha benchi. Ni zahanati ndogo ya kanisa upande wa Airport, Changamwe, vyumba vitano vya mawe chini ya njia ya ndege. Ndege ikipita juu ya mabati, mtu hunyamaza katikati ya neno, akangoja, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Hata anayesomewa majibu ya damu hungoja.

Mambo ya kompyuta nilijifundisha mwenyewe, mezani pale pale, saa za adhuhuri ambapo benchi huwa tupu. Lugha niliyoanzia ni PHP, ambayo watu huitumia kutengenezea kurasa za mtandao. Niliipenda kwa sababu haina ugomvi. Ukiipa neno "nane" na kuiamuru ilifanye namba, haikufokei, inakupa sifuri. Ukiipa "7 asubuhi", inachukua saba na kuliacha neno asubuhi lianguke. Wakati ule niliuona huo kuwa upole.

Aliyenitia kwenye kazi hiyo ni muuguzi wetu mkuu. Sote tulimwita Sista, ingawa si mtawa. Ni mama wa makamo kutoka bara, aliyekaa Pwani hata akasahau baridi ya kwao. Kila Alhamisi alikuwa na wagonjwa wake wa sukari, watu kama arobaini, wengine wakitoka mbali sana, maana zahanati ilipata msaada wa vile vimashine vidogo vya kupimia, na habari ikatembea makanisani.

"Hawa watu wangu nawaona mara moja kwa mwezi," aliniambia. "Hapo katikati sijui wanaishije. Mtu anakuja amekauka kama kuni ndipo najua. Huwezi kunifanyia kitu, kwa hicho kikompyuta chako?"

Nikamfanyia. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, unaofunguka kwenye simu: kisanduku cha namba ya kadi, kisanduku cha sukari, na kitufe cha kutuma. Mgonjwa anajitoboa kidole asubuhi kabla ya kula, anasoma mashine, anaandika, anatuma, na hapo hapo ukurasa unamjibu. Majibu aliyaandika Sista kwa mkono wake. Sukari ikiwa ya kawaida, endelea vivyo hivyo. Ikiwa juu, kunywa maji mengi, usiache dawa, tutakupigia. Ikiwa chini ya nne, kunywa soda au maji ya sukari sasa hivi, upime tena baada ya robo saa. Hili la mwisho alilipigia mstari mara mbili.

"Sukari ikishuka haingoji," alisema. "Mtu anaweza kutuzimikia akiwa amesimama."

Mwanzoni ukurasa ulikuwa mkali. Ulitaka namba na nukta, basi. Wiki ya kwanza simu ya zahanati haikupoa. Mama mmoja wa Mikindani aliandika "8.4 asubuhi" akakataliwa. Mwingine aliweka mkato badala ya nukta. Mzee mmoja aliandika "sukari ni 9 asante Mungu", akaambiwa aandike namba, akafunga safari hadi zahanati kuniuliza amekosa nini. Niliona haya. Hawa ni watu wazima waliozoea kueleza mambo kwa adabu, nami nilikuwa nimewawekea bawabu wa kuwafokea.

Basi nikaulegeza. Mistari ilikuwa michache: chochote kilichoandikwa, geuza mkato uwe nukta, kisha futa kila kisicho tarakimu wala nukta, na kinachobaki ndicho sukari. Kisipobaki kitu, omba namba. Kikibaki, hakikisha ni zaidi ya sifuri na si zaidi ya arobaini. "Sukari ni 9 asante Mungu" ikawa 9. Malalamiko yaliisha siku ile ile. Sista alinipongeza mbele ya wenzangu, na nilipofika nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba nimeandika kitu kinachoelewa watu.

Miongoni mwa wagonjwa wale alikuwako mzee mmoja wa Bombolulu, mtu wa Kaloleni kwa asili, aliyefanya kazi ya ngozi katika karakana moja ya mafundi walemavu. Polio ilimpata utotoni, na mguu wake wa kushoto ulivaa chuma na mikanda aliyoishona mwenyewe. Watu wote walimwita Fundi. Alikuwa mpole, asiyependa kubahatisha. Hata kadi yake ya zahanati alikuwa ameishonea mfuko wa ngozi.

Siku wagonjwa wa zamu yake walipofundishwa kutumia ukurasa, Sista alikuwa likizo, kwa hiyo darasa niliendesha mimi. Niliwaonyesha kisanduku, kitufe, na jinsi jibu linavyokuja. Nikawaambia mara tatu wafuate ukurasa unavyosema. Fundi akainua mkono.

"Na ukisema jambo, nami mwenyewe sijihisi hivyo?"

"Fuata ukurasa, Baba," nilimjibu. "Mwili hudanganya. Mashine haidanganyi."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Tangu siku hiyo namba yake ilikuwa ikiingia kila siku kabla ya saa moja u nusu: 7.9, 8.2, 7.6. Kisha, wiki moja ya mvua, zikaanza kupanda. 11. 14. 17. Sista aliziona, akampigia, Fundi akasema ana homa kidogo tu. Wakaagana kuonana Alhamisi.

Jumanne ya wiki hiyo nilifika kazini saa mbili na robo. Niliwasha kompyuta, nikaweka mkoba chini, nikafungua orodha ya siku. Mistari yenye hatari nilikuwa nimeipa rangi nyekundu. Ilikuwa minne, yote ya kadi moja. Kadi ya Fundi. Saa moja na dakika kumi, sukari 1. Saa moja na nusu, sukari 1. Saa mbili kasorobo, sukari 1. Saa mbili na dakika tano, sukari 1.

Nilikimbia hadi chumba cha sindano bila kuvaa kiatu kimoja, maana nilikuwa nimekivua chini ya meza. "Sista, Fundi anakufa. Sukari yake ni moja."

Sista alikuwa ameshika mkono wa mtoto. Alimaliza kumchoma, akampa mama yake pamba, kisha akaja. Alisimama nyuma ya kiti changu na kuisoma mistari ile kwa muda ulioniudhi.

"Moja," alisema. "Kwa saa nzima."

"Ndiyo, Sista."

"Na soda anakunywa?"

"Ukurasa umemwambia anywe. Mara nne."

"Mtu mwenye sukari ya moja haandiki ujumbe mara nne," alisema polepole. "Huyo angekuwa ameshalala chini. Na jana alikuwa kumi na saba. Mbona ianguke hivyo, naye hachomi insulini?" Akaniinamia. "Huyu mtu ameandika nini hasa?"

Katika orodha nilihifadhi namba iliyosafishwa tu. Alichokiandika mtu kwa mkono wake kilikuwa kimetupwa. Kisha nikakumbuka kwamba nilipokuwa nikijaribu ukurasa, niliongeza mstari wa kunakili kila kitu kwenye faili pembeni, na kwa uvivu sikuufuta. Nikaifungua faili ile. Ilikuwa ndefu. Nilishuka hadi chini kabisa.

Saa moja na dakika saba: HI. Hiyo ukurasa uliikataa. Andika namba, tafadhali.

Saa moja na dakika nane: HI. Umekataa tena.

Saa moja na dakika kumi: H1. Umekubali. Ukaifuta H, ukabakiza moja.

Zilizofuata zote zilikuwa H1.

"Sista, hii ni nini?" niliuliza. Nilikuwa bado sijaelewa.

Nilipogeuka nilimwona ameweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona hivyo, mama yule aliyezalisha watu ndani ya tuktuk. "Uliwaambia kuhusu herufi?" akauliza.

"Herufi gani?"

"Mashine ikizidiwa haiandiki namba. Sukari ikipita thelathini na tatu inaandika HI, yaani iko juu mno, haipimiki tena. Ikiwa chini mno inaandika LO. Wale wa darasa langu niliwaambia." Akanitazama. "Hukuwaambia."

Sikuwaambia. Nilikuwa sijui. Mashine zote nilizozijaribu nilizijaribu kwa kidole changu mimi, nikiwa mzima, na kila mara zilinipa namba.

Hapo ndipo woga uliponiingia. Mtu mwenye sukari isiyopimika alikuwa amekaa Bombolulu tangu asubuhi, akinywa soda kwa amri yangu. Kila alipopima, mashine ilimwambia vile vile, naye akaandika vile vile, nami nikamwambia anywe tena. Na nikiwa bado naitazama orodha, mstari wa tano ukaingia mbele ya macho yangu. Mwekundu. Sukari 1.

"Ufunge!" Sista alipaza sauti. "Ufunge huo ukurasa, upesi!"

Sikumbuki neno la siri la seva inayobeba ukurasa niliandika mara ngapi. Nililikosea, nikalikosea tena, na kila kosa seva ilinisubirisha. Nyuma yangu Sista alikuwa akipiga simu, na simu ya Fundi ilikuwa ikiita tu. Hatimaye nikaingia. Juu kabisa ya ukurasa niliandika mstari wa kusimamisha kila kitu, na ujumbe mmoja: Ukurasa umefungwa. Usifuate jibu ulilopewa leo. Piga simu zahanati. Nikahifadhi. Nikaufungua kwenye simu yangu kuhakikisha. Nikaufungua tena, na tena.

Sista akampata mke wa Fundi. Alikuwa amekwenda Kaloleni mazishini tangu jana yake. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, nasi tulisikia watu wakiimba nyuma yake.

"Nilimwacha na homa, lakini hayuko peke yake," mama yule alisema. "Jirani yuko naye. Amenipigia sasa hivi. Asema sukari imeshuka, ampa soda kama simu ilivyomwamuru."

"Mama, mwambie aache!" Sista alisema. "Soda aache kabisa. Maji tu. Wanisikia? Maji matupu!"

"Asema nini? Hallo? Hapa mtandao..."

Ikakatika. Tulipiga tena, hapatikani. Tukapiga mara saba, hapatikani.

Tulikwenda kwa gari dogo la Sista. Alimwachia muuguzi mwenzake wagonjwa wote, akachukua dripu mbili na mashine ya kupimia, nami nikapakata mkoba ule kama mtoto. Njia ya kutoka Changamwe inaijua kila mtu. Malori ya makontena yalikuwa yamejaa hadi Makupa, yakisogea hatua moja na kusimama. Niliangalia saa kila mara. Robo saa ilipita, nikafikiri: amepima tena. Ameandika. Ukurasa umemkataa. Atafanya nini sasa? Au jirani amesema, hata bila ukurasa, tuendelee na soda kama tulivyoanza?

"Sista, atakufa?"

"Sijui."

"Niambie tu."

"Nimekwambia sijui," alisema, macho yake kwenye lori lililotuziba. Baadaye kidogo, pale Daraja la Nyali, akasema kwa sauti ya chini, "Maneno ya soda niliandika mimi. Usijibebeshe peke yako." Nilijua alitaka kunisaidia. Lakini yeye aliandika maneno kwa mtu mwenye sukari ya chini. Aliyeyapeleka kwa Fundi ni mimi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vya kupanga, ukumbi mrefu katikati, milango sita na pazia kila mlango. Jirani alikuwa amesimama nje akitungoja, mwanamke mnene mwenye leso mbili, simu ya Fundi mkononi. Alitukimbilia.

"Alhamdulillahi mmekuja. Simu yenu imekataa kujibu, yasema nipige, napiga haishiki. Nimempa soda tano, kila moja kwa saa yake kama mlivyosema. Ya sita nikasema ningoje, maana atapika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amefanya kila kitu kwa uaminifu, na chupa alizipanga ukutani ili tuone.

"Umefanya ulivyoambiwa, mama," Sista alimwambia, akampita.

Fundi alikuwa ameketi kitandani akiegemea ukuta, shati limemgandama, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Macho yalikuwa wazi lakini yalichelewa kufika pale alipotaka kutazama.

"Shikamoo, Baba," nilisema. Sijui kwa nini nilisalimu. Ndilo neno lililokuja.

Alinitafuta, akaniona. "Marahaba, mwanangu." Ulimi ulikuwa mzito. "Mashine leo yanisalimu. Asubuhi yaniandikia hai, kama wasalimianavyo vijana. Nikakutumia hai, ukanikataa. Nikatazama vizuri... nikaona labda ni H na moja." Akapumua. "Hiyo ukaikubali."

Sista alimtoboa kidole. Mashine ilihesabu, kisha zikatokea herufi zile mbili. Kwenye kioo chenye mistari ya kukatika-katika, herufi ya pili ilikuwa kijiti tu kilichosimama. Mimi pia ningeisoma moja.

Sista alimtundikia dripu kwenye msumari wa pazia. Kisha akaanza kunusa, akashuka hadi miguuni, akafungua mikanda ya chuma. Chini ya mkanda wa pili, kwenye kifundo, palikuwa na kidonda, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimebadilika rangi. Polio ilikuwa imempunguzia nguvu ya mguu ule, na sukari ilikuwa imemalizia hisi, hakusikia maumivu. Kidonda hicho ndicho kilichopandisha sukari wiki nzima. Wanaume wawili wa nyumba ile wakatusaidia kumbeba hadi garini, tukampeleka hospitali kubwa ya kisiwani.

Siku tatu alilala hamjui mtu. Nilikwenda kila adhuhuri, nikisimama kwenye mlango wa wodi nikihesabu vitanda hadi cha kwake, nikiogopa kukikuta kitupu. Nilimwuliza daktari kama ni soda zilizomfikisha pale. Hakusema ni soda. Hakusema si soda. Alisema kidonda kile kingemletea shida vyovyote vile, na kwamba saa mbili za kucheleweshwa ni saa mbili.

Mke wake alirudi kutoka Kaloleni na nguo za msiba. Nilimwamkia. Hakuniitikia. Jirani alikuwa amekwisha kumweleza.

"Wewe ndiye wa simu?" aliniuliza.

"Ndimi, Mama."

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini mtu akinijia mlangoni na neno nisilolijua, namwuliza, wasemaje? Siligeuzi neno lake kuwa langu, kisha nikamjibu." Akaniacha nimesimama. Sikumfuata. Mpaka leo hajaitikia salamu yangu, nami sijaacha kumwamkia.

Fundi alikatwa vidole viwili, na akapona. Siku ya tisa nilimkuta ameketi, anakunywa uji. Nilimweleza yote. Sikumficha kwamba nilifuta H, wala kwamba darasani nilisema jambo nisilolijua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile nilihisi kiu," alisema. "Kiu ya ajabu. Soda ya pili moyo ulikataa kabisa. Nikamwambia jirani, hili silo. Halafu nikakumbuka ulisema mwili hudanganya." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nilikuamini wewe, mwanangu. Mashine siijui."

Nilitoka nikalia kwenye ngazi za hospitali.

Niliporudi kazini sikuandika chochote kipya. Niliichapa faili ile ya pembeni, kila kitu watu walichoandika kwa miezi mitatu, nikaiweka kando ya namba nilizozihifadhi, nikazilinganisha mstari kwa mstari kwa rula. Niliogopa kila ukurasa nilioufunua. Mtu aliandika "8.1 na 11.3", akimaanisha kabla na baada ya kula, nikahifadhi nane nukta moja na mkia wa tarakimu zisizo na maana. Mwingine aliandika "leo sijapima jana 6". Nikahifadhi sita ya leo. Mwingine "mashine imekufa 0712" na tarakimu nyingine za simu ya bintiye. Hiyo ilizidi arobaini, ikakataliwa, na hakuna aliyempigia. Nilipata watu kumi na mmoja wa namna hiyo. Niliwapigia mmoja mmoja, Sista akiwa kando yangu, na kila simu ilipoita nilijiambia kwamba sasa atashika mtu mwingine, aniambie marehemu alizikwa lini.

Kumi walishika. Wa kumi na moja, yule wa "8.1 na 11.3", hakupatikana. Siku sita simu yake ilikuwa imezimwa. Ni wa Mikindani, karibu na kwetu kabisa, lakini kila jioni niliposhuka stendi nilipita upande mwingine, kwa woga. Siku ya saba nikajilazimisha. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa, nikabisha hodi. Nikabisha tena.

"Karibu, ni nani?"

Alikuwa uani, ameketi kwenye kibao, anamenya muhogo. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo, akaniambia, na mwanawe bado hajamletea nyingine. Sukari? Anapima, anaandika kwenye daftari. Akanionyesha. Nilisoma daftari lote nikiwa nimesimama. Namba zilikuwa nzuri. Alipoona machozi yananitoka aliacha kisu, akaniletea maji kwenye kikombe, akaniuliza kama nimefiwa.

Ukurasa uliopo sasa ni mgumu kuliko wa kwanza, ila haufoki. Alichoandika mtu kinahifadhiwa kama kilivyo, herufi kwa herufi, wala hakiguswi. Kikiwa namba safi, nzima au yenye tarakimu moja baada ya nukta, na kiko ndani ya mipaka ambayo Sista aliiandika na kutia sahihi, kinapokelewa. Kikiwa kitu kingine chochote, ukurasa haujaribu kukielewa. Haumwambii mtu anywe wala asinywe. Unamwambia: tumeona, kaa na simu, tunakupigia. Na kwenye meza ya Sista inalia kengele. Chini ya kisanduku kuna picha mbili za kioo cha mashine, moja yenye HI na moja yenye LO, za kubonyezwa. Fundi ndiye aliyenichagulia picha. Nilimpelekea tano Bombolulu, akazishika mbali na macho kama apimavyo ngozi, akakataa tatu.

Hajarudi kuutumia. Kila asubuhi humpigia Sista na kumsomea namba kwa mdomo, na Sista huirudia, naye Fundi husema, "Ndiyo hiyo." Mimi huwa mezani pangu nikiwasikiliza. Ndege ikipita juu katikati ya namba, wote wawili hungoja, nami pumzi hunikatika hadi nisikie tarakimu ya pili.